Kama yule, si ndiye yule: binadamu wa kloni kati ya hadithi na maabara

Mwanamke amefiwa na binti yake wa miaka tisa, Zawadi. Miezi michache baada ya msiba anasikia hodi mlangoni. Anafungua. Amesimama Zawadi: macho yale yale, pengo la jino la mbele lile lile, kovu la gotini lile lile alilolipata siku alipoanguka na baiskeli. "Mama," anasema mtoto, "mbona umekonda hivyo?"

Kisa hiki nimekitunga sasa hivi, lakini msomaji wa hadithi za kubuni za kisayansi atakuwa ameshakutana nacho, au na ndugu yake. Ni mwanzo unaoshika moyo. Shida ni kwamba ndani ya mistari hiyo michache zimo ahadi tatu zilizofungwa furushi moja: kwamba kloni atakuwa na sura ya yule wa kwanza, kwamba atakuwa na umri wake, na kwamba atakuwa na kumbukumbu zake. Ahadi ya kwanza ina ukweli, tena si wote. Ya pili haiwezekani. Ya tatu haina uhusiano wowote na kloni.

Na mkanganyiko huu hauishii vitabuni. Mwaka 2018, Muhammadu Buhari, aliyekuwa Rais wa Nigeria, akiwa ziarani Poland, ilimbidi awahakikishie wananchi wake kwamba yeye ni yeye. Mwaka uliotangulia alikuwa ameugua na kukaa muda mrefu nje ya nchi kwa matibabu, na uvumi ukaenea kwamba amekufa, na anayeonekana Ikulu ni mtu mwingine. Wengine walisema ni mtu aliyefanana naye, wengine wakasema ni kloni. Tangu hapo maneno ya aina hiyo yamewafuata wengi. Msanii akipungua mwili, mcheza filamu akirudi na sura iliyobadilika, mtandaoni utasikia: huyo siye, huyo ni kloni. Siwalaumu wanaoamini. Wengi wetu tumelijua neno hili kupitia hadithi kabla hatujaelezwa linamaanisha nini.

Basi tuanze na neno lenyewe. Kloni ni kiumbe mwenye vinasaba sawa na vya kiumbe mwingine mmoja. Vinasaba ni maelekezo ya kikemikali yanayokaa ndani ya seli, yanayouongoza mwili ujijenge: rangi ya macho, umbo la pua, aina ya damu, na mengine maelfu. Kwa kawaida mtoto hupata nusu kwa mama na nusu kwa baba, kama karata zilizochanganywa na kugawanywa upya, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hufanana bila kulingana. Kloni hapitii mchanganyo huo. Anapewa karata za mtu mmoja, zote, kama zilivyo.

Neno linatokana na Kigiriki, lenye maana ya kitawi, na wataalamu wa mimea ndio walioanza kulitumia mwanzoni mwa karne ya 20. Walikuwa na sababu. Anayefukia pingili ya muwa, anayechomeka pando la muhogo, anayehamisha chipukizi la mgomba, anatengeneza kloni. Ndizi za aina ya Cavendish, zinazouzwa duniani kote, ni kloni za mmoja kwa mwingine, na ndiyo sababu ugonjwa mmoja wa kuvu ukiingia shambani unaweza kuiangusha migomba yote: hakuna mgomba hata mmoja wenye kinga tofauti na mwenzake.

Hata binadamu kloni wapo, na umewahi kuwaona. Mapacha wa yai moja, wale wanaofanana kama shilingi kwa ya pili, wametokana na yai moja lililorutubishwa kisha likagawanyika. Wanazaliwa mara 3 hadi 4 hivi katika kila uzazi 1,000. Hakuna maabara iliyohusika, na hakuna anayewaogopa. Naomba tuwaweke mapacha hawa karibu katika makala yote, maana karibu kila swali gumu kuhusu kloni lina jibu lake kwao.

Kilicholeta kishindo ni kumtengeneza mnyama kloni kutokana na mnyama aliyekwisha kukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwingereza John Gurdon alikuwa ameonyesha kwa vyura kwamba seli iliyokwisha kupewa kazi maalumu bado inabeba maelekezo yote ya kujenga mwili mzima. Kwa mnyama anyonyeshaye ikachukua zaidi ya miaka thelathini. Tarehe 5 Julai 1996, katika Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, alizaliwa mwanakondoo aliyeitwa Dolly.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Wanasayansi walichukua seli ya kiwele cha kondoo jike wa miaka sita, wa aina yenye uso mweupe. Wakachukua yai la kondoo mwingine, wa aina yenye uso mweusi, wakalitoa kiini chake, yaani sehemu inayobeba karibu vinasaba vyote. Likabaki yai lisilo na maelekezo. Wakaiweka ile seli ya kiwele kando yake, wakapitisha umeme kidogo, vikaungana, na yai likaanza kugawanyika kama lililorutubishwa. Kiinitete hicho kikapandikizwa kwenye mfuko wa uzazi wa kondoo wa tatu, naye pia wa uso mweusi. Siku ya kuzaa, kondoo mwenye uso mweusi akajifungua mwanakondoo mwenye uso mweupe. Kabla hata ya vipimo vya maabara, jibu lilikuwa limesimama juu ya majani makavu, miguu ikitetemeka, likitafuta maziwa.

Hapo kwenye kutafuta maziwa ndipo ahadi ya pili ya hadithi zetu inapoanguka. Kondoo aliyetoa seli alikuwa na miaka sita, na kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Dolly alizaliwa mchanga. Kloni hatoki mtamboni akiwa mtu mzima aliyevaa nguo. Anabebwa mimba, anazaliwa, analia, anaota meno, anajifunza kusimama, na miaka yake anaihesabu mmoja baada ya mwingine kama sisi sote. Hakuna njia ya kuiharakisha.

Kwa hesabu hiyo, rudi kwenye uvumi wa Nigeria. Buhari alizaliwa Desemba 1942. Ili mwaka 2018 awepo kloni wake wa rika lake, mimba ya kloni huyo ingepaswa kutungwa miaka ile ile ya 1940. Umbo la DNA, kemikali yenyewe inayobeba vinasaba, lilikuja kufahamika mwaka 1953. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo wakati huo, hata kwa panya. Ukitaka kuupima uvumi wowote wa aina hii, anza na umri wa mhusika na utoe kwenye mwaka tulio nao.

Namba nyingine ya kuikumbuka ni 277. Ndiyo mayai yaliyounganishwa na seli ili kumpata Dolly. Kati yake, viinitete 29 vilifikia hali ya kupandikizwa, vikawekwa kwa kondoo 13, na akazaliwa mmoja. Kwa nini ilikuwa vigumu hivyo? Fikiria kwaya kubwa ambayo kila mwimbaji amepewa kitabu kizima cha nyimbo, lakini kurasa zisizomhusu zimebanwa kwa pini asizifungue. Seli ya ngozi ina maelekezo ya kujenga moyo, ila kurasa hizo zimebanwa. Seli ya kiwele inayo ya kujenga ubongo, nazo zimebanwa. Yai linapopokea kiini cha seli kama hiyo, lina saa chache tu za kung'oa pini zote ili kitabu kisomwe upya tangu ukurasa wa kwanza. Pini moja ikisalia mahali pabaya, mimba huharibika, au kondo la nyuma halikui sawa, au mtoto huzaliwa mkubwa kupita kiasi, au hufa muda mfupi baada ya kuvuta pumzi. Huo ndio ukweli ambao hadithi nyingi huuruka, na mimi naona ndio mzito kuliko yote, kwa sababu katika binadamu kila moja ya namba hizo ingekuwa mwili wa mwanamke na matumaini yake.

Mwaka 2018 wanasayansi wa Shanghai walitangaza kima wawili wa kloni, Zhong Zhong na Hua Hua, waliopatikana kutokana na seli za kijusi. Viinitete 79 viliwekwa kwa majike 21, wakabaki hai watoto wawili hao. Kima ni jamaa wa karibu wa binadamu kuliko kondoo, kwa hiyo watu wakauliza: je, binadamu naye ameshatengenezwa? Hakuna aliyethibitishwa. Mwishoni mwa 2002 kampuni moja ilidai kwamba mtoto wa kloni amezaliwa, lakini mtoto hakuonyeshwa wala vipimo havikutolewa. Korea Kusini, mtafiti Hwang Woo-suk alitangaza mwaka 2004 na 2005 kwamba amepata seli kutoka viinitete vya kloni vya binadamu. Uchunguzi ukagundua data zilikuwa za kughushi, na Januari 2006 makala zake zikaondolewa rasmi. Kilichofanikiwa kweli kiko mbali na mtoto. Mwaka 2013 watafiti wa jimbo la Oregon, Marekani, walitengeneza viinitete vya kloni vya siku chache tu ili kupata seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kwa ajili ya utafiti wa tiba. Havikupandikizwa kwa mtu. Ukisikia habari yenye maneno "kloni ya binadamu", uliza kwanza kama inazungumzia seli kwenye kisahani cha maabara au mtoto. Mara nyingi ni kisahani.

Sasa twende kwenye sura, ahadi iliyokuwa na ukweli nusu. Desemba 2001, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimpata paka wa kloni wa kwanza, akaitwa CC. Aliyetoa seli, Rainbow, alikuwa na mabaka ya rangi tatu, yakiwemo ya rangi ya chungwa. CC akazaliwa mweupe mwenye mistari ya kijivu-kahawia, bila doa hata moja la chungwa. Vinasaba vyao vilikuwa sawa. Ila paka jike ana nakala mbili za ukurasa unaoamua rangi hiyo, na katika kila seli nakala moja hubanwa kwa bahati tu, mapema sana kabla hajazaliwa. Seli iliyotumika kumtengeneza CC ilikuwa imebana ile ya chungwa, na pini ile haikung'oka. Mwenye paka angetaka "kurudishiwa" Rainbow, angeletewa paka mwingine machoni kabisa.

Tabia nazo hazifuati kamba. Texas huko huko kulikuwa na fahali mkubwa aliyeitwa Chance, mpole kiasi kwamba watu walipiga naye picha. Mwenye fahali alimpenda sana mnyama huyo. Kloni wake, Second Chance, alizaliwa mwaka 1999. Alifanana naye hata katika namna ya kulala, na mwenye fahali akaamini rafiki yake amerudi. Kisha siku moja fahali huyo akamgeukia akamjeruhi, na baadaye akamjeruhi tena. Kisa hiki hunisikitisha kila nikikikumbuka. Fahali hakufanya uchokozi wa ajabu. Alikuwa fahali kama mafahali wengine. Ila aliyemkaribia alikuwa anamkaribia Chance.

Hata alama za vidole hazifanani. Mistari ile hujichora tumboni katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, na huathiriwa na namna kijusi kilivyolala, maji yaliyomzunguka, na kasi ya vidole kukua. Ndiyo maana mapacha wa yai moja wana alama tofauti, na kloni angekuwa nazo tofauti pia. Makovu ndiyo usiseme: baiskeli haimo kwenye vinasaba. Yule Zawadi wa mlangoni, akiwa kloni wa kweli, goti lake lingekuwa laini. Isitoshe, mapacha wa kawaida wamekaribiana kuliko kloni na asili yake, kwa sababu walilala tumbo moja kwa wakati mmoja, wakala chakula kile kile, wakakulia zama zile zile. Na bado, mwulize mama yeyote mwenye mapacha kama aliwahi kudhani amezaa mtoto mmoja.

Kiswahili chetu kina methali mbili zinazobishana juu ya jambo hili tangu zamani. Moja inasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sayansi haijampa ushindi mmoja wao. Urefu hufuata zaidi nyoka. Lugha anayoongea mtu, dini yake, anachokiogopa na anaowapenda hufuata zaidi malezi. Mengi yamesimama katikati, tena na bahati ikitia mkono kama kwa CC. Kloni angekuwa jaribio la methali zote mbili kwa pamoja.

Kuna mahali ambapo kloni hutikisa kweli, na si pale hadithi nyingi zinapopatazama. Ni kwenye majina ya undugu. Tuseme mwanamke anatumia seli yake mwenyewe, anabeba mimba, anazaa. Mtoto atamwita mama, maana ndiye aliyembeba na atakayemlea. Lakini kwa vinasaba huyo si mwanawe. Ni pacha wake mdogo. Wazazi wa mtoto huyo kivinasaba ni babu na bibi yake. Mjomba wake ni kaka yake. Tukirudi kwa Zawadi, mambo ni tofauti: kloni wake angekuwa mtoto halali wa mama na baba wale wale, na yai likiwa la mama huyo huyo, hata vile vinasaba vichache vya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati) ambavyo hupita kwa mama peke yake vingelingana. Angekuwa pacha wa Zawadi aliyechelewa kuzaliwa. Naliona hili "pacha aliyechelewa" kuwa tafsiri bora ya neno kloni kuliko "nakala", kwa sababu nakala ina asili, na asili ndiyo yenye thamani, ilhali pacha hana asili. Hakuna pacha ambaye ni fotokopi ya mwenzake.

Ahadi ya tatu imebaki: "Mama, mbona umekonda?" Ili mtoto aseme hivyo lazima akumbuke mama alivyokuwa. Kumbukumbu hazimo kwenye vinasaba. Zimo katika namna seli za ubongo, ambazo kwa mtu mzima ni kama bilioni 86, zilivyoungana kutokana na aliyoyaona, aliyoyasikia na aliyotendewa. Kuzihamisha kwenda ubongo mwingine kungehitaji teknolojia nyingine kabisa, ambayo haipo. Hadithi inayomleta kloni mwenye kumbukumbu imeunganisha mawazo mawili kimyakimya, na swali inalouliza, kwamba yupi kati ya wawili ni "mimi", si swali la kloni. Ni swali la kumbukumbu, na ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 17 mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke aliwaza mwana wa mfalme ambaye nafsi yake, na kumbukumbu zake zote, imehamia katika mwili wa fundi viatu. Kwa maoni ya Locke, anayekumbuka maisha ya mwana wa mfalme ndiye mwana wa mfalme, mwili uwe wa nani uwe. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga. Lakini tazama: kwa kipimo chake, kloni anafeli mara moja, kwa kuwa hakumbuki chochote. Na kwa kipimo cha mwili pia anafeli, kwa kuwa mwili wake ni mwingine na una tarehe yake ya kuzaliwa.

Lugha yetu inaliweka wazi kwa neno moja. Tunasema "huyu ni kama yule", na tunasema "huyu ndiye yule". Kuna "kama" tele kati ya mtu na kloni wake. "Ndiye" hakuna hata moja.

Hapo ndipo lile wazo la kutisha, kwamba kloni hana roho au ni ghala la vipuri vya mwenye seli, linapopoteza miguu. Hakuna mtu anayeuliza kati ya mapacha wawili ni yupi aliyepewa roho. Hakuna daktari anayetoa figo ya pacha mmoja bila ridhaa yake kwa hoja kwamba vinasaba ni vya mwenzake. Mwaka 1997 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilitamka kwamba kuzalisha binadamu kwa njia ya kloni kusiruhusiwe, na mwaka 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuzitaka nchi zipige marufuku aina zote za kloni za binadamu zinazokwenda kinyume na utu, kwa kura 84 dhidi ya 34, huku 37 zikijizuia. Azimio hilo halina nguvu ya sheria, na mgawanyiko wa kura ulitokana kwa kiasi kikubwa na suala la utafiti wa tiba. Makatazo haya yanalenga kitendo cha kutengeneza. Siku ambayo mtoto wa namna hiyo angezaliwa, angekuwa mtu, na haki zake zingeanza pale pale.

Kwa hiyo ningeombwa kuiandika upya hadithi ya Zawadi, mlango usingebishwa. Mama angebeba mimba miezi tisa akiwa na hofu, maana angezijua zile namba. Angejifungua kitoto chenye uso uliokunjamana kama vitoto vyote, na ndugu wangemshauri asimpe jina lile lile, naye angewasikiliza au asiwasikilize. Mtoto angekua. Angependa kuchora, wakati mwenzake alipenda kupanda miti. Angeogopa baiskeli kwa sababu mama yake anaziogopa. Siku moja, akiwa na miaka tisa, angesimama mbele ya picha iliyoko ukutani ya msichana mwenye uso wake, aliyevaa gauni ambalo yeye hajawahi kulivaa, na angeuliza: "Huyu ni nani kwangu?"

"Ni dada yako," mama angejibu. "Pacha wako. Alitangulia miaka kumi."